Miguu Misafi ya Kuku wa Kasha

Mwalimu wangu wa darasa la tatu, mama mmoja wa parokia yetu, alikuwa anasoma vidole kabla ya kusoma majina. Kila Jumatatu tulipanga mstari mbele ya mlango wa darasa, pale Kadutu, mtaani kwetu, tukanyoosha mikono, viganja chini, halafu viganja juu, halafu tukaonyesha miguu. Mtoto msafi aliambiwa neno moja tu: "Ingia." Mtoto mchafu aliambiwa manne: "Enda, unawe, kisha urudi."

Mimi nilikuwa mtoto wa kuambiwa manne. Kwetu kulikuwa juu kabisa mlimani, kule ambako njia ya miguu ikinyeshewa inakuwa utelezi mtupu, na udongo mwekundu unashika hadi magotini. Naondoka nyumbani nang'aa, nafika shuleni kama tofali bichi. Siku moja nilijitia moyo nikamwambia kosa si langu, kosa ni la mvua. Aliniangalia kwa upole, maana hakuwa mtu wa kupiga, akasema: "Mvua haiko mwanafunzi wangu. Weye njo mwanafunzi wangu." Nikarudi kunawa.

Sitaandika alizaliwa wapi wala baba yake ni nani. Hakuwahi kutuambia, na mtaa mzima unamwita Mwalimu hata leo, miaka mingi baada ya kustaafu. Hata padri anamwita hivyo. Nitaandika ninayoyajua, na ninayoyajua mengi ni mikono na kuku.

Usafi wake haukuwa wa maneno. Maji ya kunywa aliyachemsha mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya minyoo, ya pili kwa ajili ya ukaidi wa minyoo. Nyanya alizilaza katika maji ya chumvi. Miaka ile ya magonjwa ya kutisha, ndoo za maji ya dawa zilipowekwa milangoni mwa kanisa na ofisi, yeye alikuwa tayari na yake. Magonjwa yakapita, ndoo za wengine zikarudi kufulia nguo, ya kwake ikabaki pale pale mlangoni. Ukifika kwake unanyoosha mkono kumsalimia kabla hujanawa, anauacha ukining'inia. "Mukono muchafu unakulaka mbele yako," anakuambia, na anasubiri.

Sasa, mtu huyo huyo mpeleke sokoni kununua kuku.

Jumamosi asubuhi alikuwa anateremka kwenda soko la Kadutu, na nyuma yake wanawake wawili, watatu, wakati mwingine watano, kila mmoja na harusi yake, au komunyo yake, au wakwe zake wanaokuja. Katika parokia yetu hakuna aliyethubutu kununua kuku wa heshima bila jicho la Mwalimu. Kuku walifika wamening'inizwa vichwa chini kwenye moto, zile pikipiki za kukodi, kutoka Walungu, kutoka Kabare, kutoka Mumosho, wamefungwa miguu kwa kamba za mgomba, kisha wakasongamanishwa kwenye kitunga kimoja, mzima na mwenye kukoroma. Mwalimu aliinua bawa, akapuliza manyoya ya kifua, akabonyeza kidari kwa kidole gumba. Hayo yote yalikuwa mapambo. Hukumu ilikuwa kwenye miguu, na miguu ilitakiwa iwe michafu.

Michafu kweli, na matope yaliyokauka katikati ya vidole. "Miguu haisemake uongo," aliwafundisha wale wanawake. Matope yalikuwa ushahidi kwamba kuku ametembea, amechakura, amekula wadudu, ameishi maisha yake. Miguu misafi ilikuwa ushahidi wa kufungwa, na kufungwa maana yake unga wa dukani, sindano, na nyama iliyolegea kama sabuni ya jana. "Kuku ya kufungwa iko na nyama," alisema, "lakini haiko na safari."

Nilikuwa mtu mzima, nina diploma yangu ya mifugo, siku nilipokumbuka kumwuliza mbona sisi alitufukuza kwa miguu ya namna hiyo hiyo. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mutoto wangu, weye nilikuwa nakukula?"

Tena alijivunia ulimi wake. Akionja mchuzi kwenye sherehe, anafumba macho, watu wananyamaza, kisha anatangaza kuku alikotoka. Hii ya Kabare, ilikula mahindi mabichi. Hii ya Mumosho, ilikunywa maji ya Ruzizi. Hakuna aliyewahi kumpinga, kwa sababu nani ataenda Mumosho kuuliza? Nami nilikuwa nameza bugali langu kimya.

Kuhusu ugonjwa wa kuku alikuwa na imani moja tu, kwamba moto unaua yote. Kuku anayesinzia, kuku mwenye kamasi, kuku ambaye mwenyewe anamuuza harakaharaka huku akiangalia pembeni, wote kwake walikuwa kuku, mradi miguu ina matope na sufuria inachemka. Na kwa upande wa sufuria, sikatai, alikuwa sahihi. Hakuna mtu aliyeumwa mezani kwake. Ila sufuria haipiki yote. Mwaka fulani nilimkuta uani akinyonyoa jogoo aliyekuwa amekufa nusu tangu sokoni. Manyoya na matumbo akayatupa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akanawa mikono yake kwa sabuni mara tatu, hadi viwiko. Kuku wa majirani wakaja kuchakura pale. Haikupita wiki mbili, mtaa mzima haukuwa na jogoo wa kuwika. Ilikuwa kideri, ule ugonjwa unaoingia uani mara moja na kuacha kitunga kitupu.

Mwalimu alihuzunika kweli. Aliwaita watu wa shirika, jumuiya yetu ya sala, wakasali rozari kwa ajili ya mtaa uliopatwa na kijicho. Mimi, mjinga, baada ya sala nikaanza kueleza: matumbo, virusi, kuzika, kunyunyiza chokaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa anatusikiliza tukikosea kusoma. Kisha akanipigapiga begani.

"Weye ulisoma kuku. Miye nilikula kuku."

Wanawake wakacheka, hata mama yangu mzazi. Hasira niliyotoka nayo siku ile ingetosha kuchemsha chungu.

Basi, mradi niliokuwa nafanyia kazi ukafunga ofisi, kama miradi mingi mjini kwetu, na mimi na mume wangu tukabaki na kiwanja chetu kule Kasha, pembeni mwa mji, na ile diploma. Tukaanza kufuga. Kuku wa kwetu, hawa hawa wa kienyeji, wenye rangi kumi na tabia kumi na moja, ila tukawafuga nilivyosoma: uzio wa wavu, maranda ya mbao makavu chini, chanjo kwa wakati, kuku mgeni hachanganywi na wenyeji, na mlangoni beseni la maji ya dawa ambalo kila anayeingia lazima akanyage. Kideri kilipita Kasha mara mbili, kikabisha hodi kwa majirani, kwetu hakikuingia. Nilijisifu peke yangu, maana hakuna mwingine aliyekuwa ananisifu.

Mwalimu alikuja kuwaona. Alitoka Kadutu na moto, amevaa viatu vya misa na kikwembe kipya, akafika kwenye mlango wa uzio. Nikamwonyesha beseni.

"Nikanyage hapa?"

"Ndiyo, Mualimu. Ni juu ya magonjwa."

"Miye nimeoga asubuhi."

"Najua, Mualimu. Ni viatu tu. Vinatoka na vitu huko sokoni."

Akaangalia beseni, akaniangalia mimi, akaangalia kuku wangu kwa mbali. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona ameumia hivyo.

"Mimi," akasema polepole, "mimi njo nilikufundisha kunawa. Leo weye unaniona miye ni ugonjwa?"

Akageuka. Nilimkimbilia hadi barabarani nikimbembeleza, akapanda moto nyingine bila kunywa hata fanta niliyomwekea. Kwa wiki kadhaa kanisani alinijibu salamu kwa kichwa tu.

Na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza, maana niliposhuka Kadutu na kuku wangu wa kwanza, wanene, wenye macho ya kung'aa, wale wanawake walisubiri Mwalimu aseme. Mwalimu akamshika mmoja, akamgeuza, akaangalia miguu yake ya njano, misafi kabisa.

"Hii kuku inavalaka soksi?" akauliza.

Soko lilicheka. Hawakununua hata mmoja. Na sheria yangu mwenyewe ilikuwa kwamba kuku aliyeona soko harudi bandani, asije na ugonjwa. Basi wasiouzwa tuliwala. Mwezi ule tulikula kuku Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Watoto walifurahi mno, wakasema mama ameanza biashara nzuri. Mimi nilikuwa nalia jikoni, kwa sababu nilikuwa naona banda linapungua na shule haijalipwa, na nje ya mlango huo mmoja wa Mwalimu sikuwa na mlango mwingine wa kuuzia.

Nani alileta wazo? Mume wangu anasema ni mimi. Mimi nasema ni yeye. Jumamosi moja, kulikuwa kumenyesha, tuliwatoa kuku nje ya uzio, tukakoroga udongo mwekundu kwenye beseni kuukuu, tukawapaka miguu mmoja mmoja, na katikati ya vidole, kwa ustadi, kisha tukawaacha wakauke juani. Miaka yote ile mimi nafukuzwa darasani kwa udongo huu huu, leo nawapaka kuku ili waingie.

Waliingia. Mwalimu aliwageuza, akawaangalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa hii njo kuku," akawaambia wanawake. "Mutoto amesikia. Ameachana na bintu ya vitabu."

Tangu siku hiyo sikurudi na kuku nyumbani. Komunyo, ubatizo, wakwe, vyote vilikula kuku wa Kasha. Ilipofika jubilei ya padri, Maman Présidente, kiongozi wa wanawake wa shirika letu, mama mwenye sauti ya kuita moto ng'ambo ya mtaa, aliagiza kuku wote kwangu. Mwalimu alionja mchuzi, akafumba macho, watu wakanyamaza.

"Mumosho," akatangaza. "Na hii imetembea sana."

Yule kuku hakuwahi kutembea zaidi ya hatua ishirini, na zote ndani ya uzio. Nilitamani kucheka nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nampenda huyu mama. Kumdanganya kulinitafuna. Kila Jumamosi nilijiambia hii ni ya mwisho, na kila Jumamosi beseni la udongo lilikuwa tayari.

Kisha akapatwa na malaria, akalala siku nyingi. Alipoanza kukaa barazani, nilimpelekea kuku wa kumpa nguvu, kama ilivyo desturi. Asubuhi ile nilimpaka kuku matope kwa haraka, mvua inakaribia, nikanawa kijuujuu. Nikamkuta amejifunika shali, amekonda, macho tu ndiyo yalikuwa ya zamani.

"Asinge, Mualimu," nikamsalimia.

"Asinge, mutoto wangu." Akamwangalia kuku kwapani mwangu, akaangalia miguu yake. Halafu akaniangalia mimi. "Mikono."

Sijui ni nini kilinipata. Mama wa watoto wanne, nikaweka kuku chini, nikanyoosha mikono, viganja chini, viganja juu, kama mtoto wa miaka minane. Akainama karibu. Chini ya kila ukucha wangu kulikuwa na udongo mwekundu, ule ule uliokuwa kwenye miguu ya kuku, bado mbichi.

Akakwaruza udongo kidogo kwa ukucha wake.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ile ulisema sasa hii njo kuku, Mualimu. Ile ya kwanza yenye soksi, na zote zilizofuata, ni banda moja. Hazijatembea inje ya uzio hata siku moja."

"Ile ya komunyo?"

"Yangu."

"Ya jubilei ya padri?"

"Yangu, Mualimu."

"Nilisema nini siku ile?"

"Ulisema Mumosho. Na kwamba ilitembea sana."

Nilingoja anifukuze milele. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na nadhani yeye pia aliona yake, maana alishika shali akajifuta midomo kama mtu aliyegundua ladha imebaki pale. Mwisho akaonyesha mlango kwa kidevu.

"Enda, unawe, kisha urudi."

Nikaenda kwenye ndoo yake, nikanawa hadi viwiko, na nikalia kidogo huko huko. Niliporudi alikuwa amemweka kuku mapajani, na bakuli la maji kando, anamwosha miguu. Kidole kwa kidole. Kuku alitulia tu.

"Sababu ya miye, usizipake tena matope," akasema bila kuinua macho. Nikaapa.

Jumapili iliyofuata, kwenye misa ya pili, wakati wa matoleo, watu walipanda altareni wakicheza taratibu na ndizi zao, unga wao, sambaza zao, wale dagaa wa ziwani. Katikati ya msafara nikamwona Mwalimu, bado dhaifu, amemshika yule kuku kifuani. Hakumshika chini ya bawa kama wengine. Alimshika miguu mbele, juu, misafi, ya njano, kila mtu aione. Alipita katikati ya kanisa hivyo, polepole, mbele ya wanawake wote aliowafundisha matope. Mimi nilijua nini anasema. Nililia hadi kwaya ikamaliza.

Nje ya kanisa nikamsikia Maman Présidente akiwaambia wenzake kwa huruma nyingi:

"Masikini Mualimu. Malaria imemuharibu macho. Hata hakuona miguu ya ile kuku!"

Kwa hiyo mara ya kwanza aliposema ukweli juu ya kuku, parokia nzima iliamua ni kipofu. Jumamosi hakuna aliyemfuata sokoni. Na mimi, niliyeapa, nilishuka na kuku wasafi nikarudi nao. Jumamosi ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Watoto wakaanza kuomba maharage. Kule bondeni Kasha kideri kilikuwa kimerudi. Kila asubuhi jirani alikuwa anachimba shimo. Mume wangu akasimama mbele ya uzio na koleo la kukatia waya.

"Tuzifungue," akasema. "Zijichafue zenyewe. Batu wanataka matope, wapate matope."

"Zitakufa."

"Na hapa ndani zinafanya nini? Zinatungojea sisi tufe kwanza?"

Nikamshika mkono wenye koleo. Nikamwomba angoje Jumatatu, bila kujua kwa nini Jumatatu.

Jumatatu, saa ya shule kuingia, moto mbili zikasimama mbele yetu. Ya kwanza ilimleta Mwalimu, amevaa kandambili na kikwembe cha kazi. Ya pili ilimleta Maman Présidente pamoja na mama mwingine wa shirika, wanalalamika juu ya barabara.

"Wanasema sioni tena," Mwalimu akaniambia, bila salamu. "Basi nimewaleta wenye macho."

Maman Présidente akaona beseni, akarudi nyuma.

"Tukanyage humu? Mimi niko ugonjwa?"

"Ndiyo," Mwalimu akamjibu. "Weye, na yeye, na miye. Tunatoka soko ya Kadutu. Kanyaga."

Wakakanyaga, wanashika vikwembe, wanapiga kelele maji ni baridi. Mwalimu akawapanga mstari mbele ya mlango wa uzio na kuwakagua mikono, wamama wazima, mmoja na pete za dhahabu, na yule wa pete akatumwa akanawe tena. Mume wangu aliweka koleo chini. Ndani, kuku walikuja kwenye wavu kuangalia.

Kisha Mwalimu mwenyewe akavua kandambili, akaingiza mguu wa kulia kwenye dawa, halafu wa kushoto, anashikilia nguzo. Alipotoka upande huu hakusogea. Alisimama mbele yangu, mwisho wa mstari, akanyoosha mikono yake miwili, viganja chini, halafu viganja juu, akangoja.

Nikaiangalia mikono hiyo, kucha kwa kucha, kwa sababu hivyo ndivyo alivyonifundisha.

"Ingia," nikamwambia.